Seva ya Mama Abrar

Abrar alipomwambia mama yake kwamba hataki kuja nyumbani likizo, Rufaida hakulia pale mbele ya mtoto. Alikwenda kulia chooni, amefungua mfereji wa maji kwa nguvu ili asisikike, na hiyo ilikuwa shule ya viziwi. Ukimkumbusha leo anacheka mwenyewe mpaka anashika ubavu. Siku ile, lakini, hakuona cha kuchekesha.

Ilikuwa siku ya wazazi kutembelea. Alikuwa ametoka Tassia, mtaa wa Nairobi, alfajiri na mapema na biriani kwenye hotipoti, amelifunga kwa shuka lisipoe. Abrar, miaka tisa, akala, akaramba vidole, akanawa, kisha akamgeukia matroni na kuanza kuongea kwa mikono. Matroni akatafsiri huku akitazama sakafu.

"Anasema likizo ya Agosti anaomba abaki hapa na mimi. Kuna watoto watatu ambao hubaki."

"Kwa nini?" Rufaida akauliza. "Nani amemkosea?"

Mikono ya Abrar ikaenda mbio kuliko macho ya mama yake.

"Anasema hakuna aliyemkosea," matroni akasema. "Anasema nyumbani watu humshika mashavu, halafu wanaendelea kuongea."

Hayo tu. Na ukitaka kusema ukweli, mtoto alikuwa sahihi kabisa. Katika ploti yao, jumba la ghorofa kule Tassia, hakuna mtu asiyempenda Abrar. Munyoki, mwenye duka la chini, akimwona humpa peremende na kumfinya shavu. Nangila, jirani yao wa mlango wa pili, humsuka nywele, akimaliza anamfinya shavu. Kila mgeni anayeingia hufinya shavu, husema "Mashallah, amekua," kisha anageuka, na mazungumzo yanampita mtoto juu ya kichwa kuanzia hapo mpaka wageni waage. Baba yake, Faki, anayeuza mbuzi Kiamaiko, alijua ishara tatu, kula, lala na njoo, na hata hizo alikuwa akizichanganya. Siku moja alimwamuru mtoto alale juu ya sahani. Rufaida mwenyewe alijua za kutosha kuendesha nyumba, lakini nyumba haiendeshwi kwa "vaa viatu" na "maji yako moto" pekee. Mtoto anataka umbea kama watu wengine.

"Mwambie aje," Rufaida akamwambia matroni. "Akikaa wiki moja na bado anataka kurudi, nitamleta mimi mwenyewe, na sitabishana naye."

Abrar akamtazama mama yake juu mpaka chini, kama mnunuzi anayemkagua mbuzi wa Faki. Kisha akakubali, shingo upande.

Rufaida akatoa simu. "Matroni, dada yangu, nakuomba. Nipe maneno."

Alasiri yote ile, kwenye baraza la bwalo, matroni na wasichana wawili wakubwa walisimama mbele ya simu ya Rufaida wakitoa neno moja moja. Maziwa. Kesho. Nani. Umefurahi? Unaumwa wapi? Nimekukumbuka. Rufaida akarekodi mpaka simu ikalia kwamba imejaa, akafuta picha za harusi ya binamu yake, akaendelea.

Sasa, maneno hayo aliyapeleka wapi? Hapa ndipo inapoingia ile mashine.

Zamani Rufaida alifanya kazi kwenye cyber moja, duka la intaneti, huko Komarock. Watu waliponunua simu zao, cyber ikafa taratibu, na mwenye cyber, mtu mwema, Mungu amzidishie, akawagawia wafanyakazi zile kompyuta za mezani kama zawadi ya kuagana. Wenzake waliuza zao siku hiyo hiyo. Rufaida alibeba yake hadi Tassia, nyeusi, nzito, inanguruma, akaifuta yote iliyokuwa ndani na kuweka mfumo wa Linux. Hakuweka madirisha wala mapambo. Ni kioo cheusi tu, unaandika amri, nayo inatii au inakataa na kukueleza sababu. Faki husema hicho ndicho kitu pekee katika nyumba kinachomjibu mkewe kwa adabu.

Siku hizi Rufaida ana kibanda chake huko huko Komarock, anachapisha, anapiga picha za pasipoti, anawajazia watu fomu za serikali mtandaoni. Mashine iko nyumbani juu ya stuli kando ya televisheni, sasa haina hata kioo, inawaka mchana na usiku. Yeye huiita seva. Imebeba picha za Idi, visomo vya Kurani anavyovipenda Faki, vyeti vya kila mtu, na simu zote za mle ndani hujichotea humo bila kumaliza bando la intaneti.

Utauliza kwa nini hakutupa video zake kwenye kundi la WhatsApp la ploti. Wewe hulijui kundi hilo. Ukituma kitu saa mbili asubuhi, ikifika saa nne kimezikwa chini ya ugomvi wa maji, picha za maua za kuamkiana, na mtu anayeuza vitumbua. Halafu kila video inakula bando la mtu. Nani atamaliza bando lake ili ajifunze kusema "kijiko"?

Kwa hiyo Rufaida alitengeneza ukurasa kwenye seva yake. Vitufe vikubwa, maneno ya Kiswahili. Unabonyeza "maziwa", unaona mikono ya matroni. Waifai yake ilifika dukani kwa Munyoki, ikapanda ngazi mpaka kwa Nangila na wenzake wa ghorofa ya tatu, na kwa walioko juu zaidi ikafika kwa kusuasua. Akabandika karatasi ukutani pale chini kwenye tangi la maji, kila mtu anapojaza mtungi: ingieni hapa, ni bure, jifunzeni kuongea na Abrar kabla ya Agosti.

Siku za mwanzo walimcheka. Tassia tunacheka kila kitu, tusipocheka tutafanya nini? Lakini Munyoki akajaribu "mkate", akajaribu "sukari", na kwa kuwa mtu wa duka huwa na nafasi nyingi kati ya mteja na mteja, mwisho wa wiki alikuwa anauza unga kwa mikono bila kufungua mdomo, wateja wakidhani amelogwa. Nangila ndiye aliyewashangaza zaidi. Yeye hufanya kazi kwenye kiwanda huko Industrial Area.

"Mama Abrar, hii kitu tunaijua kitambo," akasema. "Kule kwetu mashine zikiwaka, sisi wote ni viziwi. Unataka spana, unafanya hivi. Supavaiza anakuja, unafanya hivi." Ishara ya supavaiza siwezi kuieleza hapa, ina utovu wa heshima.

Nangila ndiye aliyewasukuma wengine. Akikutana na mtu kwenye ngazi anamzuia njia, hapiti mpaka aonyeshe neno la leo. Rufaida akirudi kutoka Komarock jioni anakuta wanawake wanafua huku wanaulizana "unaumwa wapi" kwa mikono ya povu. Moyo wake ukawa unajaa shukrani mpaka anakosa pa kuiweka.

Mwezi wa Julai, Bi Muhiba akaja.

Bi Muhiba ni mama yake Faki. Alitoka Mombasa kwa ajili ya goti lake, akamwone daktari wa mifupa, na Julai ya Nairobi ikampokea kwa ile baridi yake ya kuingia mpaka kwenye meno. Mama wa watu alivaa masweta mawili na bado akakaa amejikunyata kwenye kochi, kufuma vitambaa ndiyo kazi yake. Unajua vile vitambaa. Kila kochi lina chake, televisheni ina chake, redio, jagi la maji, hata mtungi wa gesi. Mikono ya Bi Muhiba haikai bure, na chochote anachokipenda anakivisha.

Na aliipenda seva. Aliambiwa ndiyo itakayomleta mjukuu wake nyumbani, kwa hiyo kila asubuhi aliisalimia. Lakini ilimhuzunisha.

"Mwanangu," akamwambia Rufaida, "hini mashini yako yatetemeka. Hiyo ngurumo waisikia? Ni baridi hiyo."

Rufaida akacheka. "Ni feni yake hiyo, Mama. Haihisi baridi."

"Kila kilicho na pumzi chahisi baridi," Bi Muhiba akasema, akachukua uzi.

Kwanza kilikuwa kitambaa kidogo cha juu, cheupe, cha maua, na Rufaida akanyamaza. Ungekuwa wewe ungesemaje? Kumwambia mamamkwe atoe kitambaa alichokufumia kwa mikono yake ni kumwambia afungashe virago. Lakini wiki iliyofuata, Rufaida akiwa kibandani, Bi Muhiba akamaliza kazi yake kubwa. Sweta kamili, wallahi, la sufu ya zambarau, mbele na nyuma, limebana vizuri, lina hata vifungo pembeni. Akaivisha seva. Matundu yote ya kupumulia yakazibwa. Ngurumo ikapungua, na bibi wa watu akaketi, roho yake imetulia, akaamini mashine imepata joto na sasa imelala.

Adhuhuri Munyoki akapiga simu. "Mama Abrar, hii kitu haifunguki leo. Nimebonyeza mpaka kidole kinauma."

Rufaida aliporudi alikuta mashine imevaa sweta na imezima kabisa. Akaigusa, akauondoa mkono upesi. Ilikuwa ya moto kama kikaango cha chapati. Aliivua, akaiacha ipoe, akachomeka kioo alichokopa kwa jirani, akaiwasha. Ikamjibu kwa herufi nyeupe kwenye kioo cheusi kwamba haioni diski. Akajaribu mara nyingine, na nyingine tena. Diski ilikuwa inatoa mlio, tik, tik, tik, na kila aliyewahi kufanya kazi ya kompyuta anajua mlio huo ni wa msiba.

"Si una nakala?" Faki akauliza.

Nakala alikuwa nayo. Aliipanga mashine ijinakilie yenyewe kila alfajiri kwenye flashi, mambo ya kitaalamu. Akaichomoa flashi, akaifungua kwenye kompyuta ya kibandani kesho yake. Kumbe flashi ilishajaa tangu Juni, maneno yakiwa nusu tu. Kila alfajiri seva ilikuwa inaandika malalamiko kwa adabu kwamba hakuna nafasi, ikiyaweka kwenye faili lake, na Rufaida hakuwahi kulifungua. Mkate ulikuwepo. Maziwa yalikuwepo. Umefurahi, umekasirika, nimekukumbuka, nisamehe, yote ya moyoni yalikuwa yamekwenda. Kwenye simu alishafuta ili apate nafasi. Na shule zilikuwa zinafunga baada ya siku chache tu.

Alikasirika. Mimi nisingependa kumsitiri, alikasirika hasa. Alibeba beseni la nguo zilizokwisha kauka, akapanda nazo juu ya paa, akazianika upya, moja moja, akizikung'uta kama anayezipiga makofi. Alipoteremka alikuwa ameamua kusema uongo wa heshima.

"Mashine imechoka tu, Mama. Ni ya zamani."

Na ingeishia hapo, kama si Munyoki, ambaye mdomo wake hauna kizibo. Bi Muhiba aliteremka kununua uzi, na Munyoki, kwa utani tu, akamwambia, "Nyanya, uliivalisha mashine sweta mpaka ikakata roho!"

Bi Muhiba alipanda zile ngazi na goti lake bovu bila kupumzika. Alimkuta Rufaida jikoni.

"Ni mimi?" akauliza.

Rufaida akaacha kukanda unga.

"Basi ungeniambia, mwanangu. Mimi nalidhani naisaidia." Machozi yakamtoka mtu mzima, na mkwewe hajawahi kuyaona hata siku ya msiba wa baba yake Faki. "Nisamehe. Huyu mwana asipokaa kwa sababu yangu, nitakwenda na uso gani Mombasa?"

Rufaida akamkumbatia, unga mikononi, wakalia wote wawili. Hasira yake ilikwisha pale pale. Bi Muhiba alipojipangusa akasema, "Haya, nionyeshe na mimi. Hiyo mikono. Nianzie wapi?"

Kumbe mikono iliyofuma vitambaa miaka hamsini haina kigugumizi. Alichojifunza Munyoki kwa wiki, Bi Muhiba alikimaliza kwa siku. Mkwewe alikaa akimtazama, akimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Diski nyingine ilipatikana kwa fundi wa Komarock, na Rufaida akairudisha seva kwenye stuli, sasa ubavu wazi, bila nguo. Maneno ya kwenye flashi yakarudi. Yaliyopotea ilibidi ayatengeneze yeye, kwa kichwa chake na haraka zake. Alimpigia matroni, matroni yuko kwenye mitihani ya kufunga shule. Basi akasimama mbele ya simu yake mwenyewe, akarekodi yale aliyoyakumbuka. Na alipoona bado kuna pengo, akapata wazo aliloliona zuri mno. Akawapa majirani majina ya ishara. Mtoto atawaitaje bila majina? Munyoki akapewa ishara ya mizani. Nangila akapewa ishara ya kitana. Faki akapewa pembe za mbuzi. Aliipitia ploti karibu nzima, kila mtu na video yake, isipokuwa ghorofa ya nne, ambako hakuwa na mazoea. Na isipokuwa Bi Muhiba. Nani atambunia mamamkwe jina? Hata jina lake la kuzaliwa, Rufaida huwa halitamki.

Watu walizifurahia sana video hizo. Walijizoeza majina yao kwenye ngazi kama watu walioongezwa cheo.

Abrar akaja. Faki alimfuata shuleni, wakafika alasiri. Pale mlangoni pa duka Munyoki akatoka mbio, akasimama mbele ya mtoto, na badala ya kumfinya shavu akamwambia kwa mikono, polepole, "Karibu nyumbani. Umechoka?"

Abrar akasimama, akamtazama baba yake, kisha akamtazama tena Munyoki. "Kidogo," akajibu.

Kwenye ngazi Nangila akamuuliza amekula nini njiani. Mama mwingine akamuuliza darasa la ngapi. Mtoto anapanda, anajibu, macho yanazidi kuwa makubwa. Rufaida, mlangoni, aliona uso wa mwanawe ukianza kufunguka, naye kwa furaha akashindwa kungoja. Akawaita majirani ndani, akawapanga, akaanza kuwatambulisha kwa mtoto kwa yale majina. Huyu ni Mizani. Huyu ni Kitana. Baba yako ni Pembe.

Uso wa Abrar ukafunga kama duka saa ya swala.

"Nani alimpa jina hili?" akauliza, akimwonyesha Munyoki.

"Mimi," Rufaida akasema kwa fahari.

"Na huyu?"

"Mimi. Wote ni mimi."

"Wewe unasikia," Abrar akasema, kwa ishara fupi na kali. "Anayesikia hatoi jina. Jina tunatoa sisi."

Akaingia chumbani, akajitupa kitandani na viatu vyake.

Rufaida hakujua, na hakuna aliyewahi kumwambia, kwamba kwa viziwi mtu hajipi jina la ishara, wala hapewi na anayesikia. Wanakupa wenyewe, wakishakutazama wakakujua, na ukishapewa umeingia kwao. Yeye mwenyewe alikuwa nalo, na siku zote hakulitambua. Tangu Abrar alipoanza shule, akimtaja mama yake husukuma kidole juu ya pua, na Rufaida alidhani mtoto anamfanyia mzaha miwani yake tu.

Majirani wakaondoka mmoja mmoja, wamevuliwa vyeo. Rufaida akabaki amesimama katikati ya sebule. Mtoto alikuwa na kitu kimoja ambacho ni chake na wenzake, kitu ambacho wenye masikio hawakigusi, na mama yake amekiokota akakigawa kama peremende. Wiki ya nini tena? Kesho ataomba arudishwe, na ahadi ni ahadi.

Ndipo Bi Muhiba alipoinuka kwenye kochi. Akaenda na goti lake mpaka chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamgusa mjukuu wake begani. Rufaida alikuwa mlangoni, aliona yote. Abrar akageuka, amenuna, akingoja mkono uje shavuni.

Haukuja. Bi Muhiba alijionyesha kifuani. "Mimi," akasema kwa mikono. "Jina. Sina." Kisha akamnyooshea mtoto viganja vyote viwili, kama mtu anayeomba maji. "Nipe."

Abrar akakaa kitako. Akamtazama nyanya yake usoni kwa makini, akamzungusha kidevu upande huu na upande huu, na mwanamke ambaye Mombasa nzima hakuna anayethubutu kumkatiza maneno akakaa ametulia kama mwari, anakaguliwa. Bi Muhiba ana kipini puani, kidogo, cha dhahabu, tangu ujana wake. Abrar akagusa ubavu wa pua yake mwenyewe kwa ncha ya kidole, kisha vidole vikafunguka mara moja, kama kitu kinachometa.

Bi Muhiba akairudia. Akairudia tena. Kisha akakiinamisha kichwa na kucheka na kulia kwa pamoja, na Abrar naye akacheka, ile sauti yake nzito isiyojipima, ikajaa nyumba yote. Rufaida alikuwa ameisikia shuleni tu. Katika nyumba ile ilikuwa mara ya kwanza.

Habari haina miguu lakini Tassia hupanda ngazi. Asubuhi yake, kabla chai haijachemka, mlango uligongwa. Ni Munyoki, amevaa shati safi.

"Nimekuja kupewa langu," akasema. "Na iwe zuri, mimi ni mtu ya biashara."

Abrar akamketisha kwenye stuli, akamtazama. Munyoki ana tabia ya kulamba kidole gumba kabla ya kuchana gazeti la kufungia mandazi. Abrar akalamba kidole chake gumba na kufanya kama anachana. Sebule nzima ikaangua kicheko.

"Sasa hiyo ndio jina? Mimi mtu mzima?"

Abrar akakunja mikono kifuani. Hakuna rufaa. Nangila, ambaye kila kitu hukuelekeza kwa mdomo, "kiko pale," midomo mbele, akapewa midomo hiyo hiyo. Alikasirika kwa dakika nzima, kisha akaenda kumwonyesha kila mtu. Faki alisubiri zamu yake kama wengine, na sitasema alipewa nini, ila harufu ya Kiamaiko ilihusika.

Rufaida aliketi mbele ya kile kioo cheusi cha kukopa, akaandika amri moja, na zile video zake za majina zikafutika zote. Kisha Abrar akasimama mbele ya simu. Alikuwa mkali kuliko mwalimu yeyote. Mwanga si mzuri. Rudia. Kidole chako kinaziba. Rudia. Yale maneno ya moyoni yaliyopotea akayatoa yeye upya, moja baada ya jingine, na alipofika kwenye "nimekukumbuka" alimtazama mama yake wala hakuitazama simu. Jioni ile ploti yote ilijifunza kwake. Hata waliokuwa wakizembea wakati wa matroni walibonyeza, kwa sababu huyu sasa ni mtoto wao na kesho atawauliza kwenye ngazi.

Wiki hiyo Rufaida hakujua amshukuru nani kwanza. Alimshukuru Mungu katika kila sijida. Alimshukuru yule bwana wa cyber popote alipo. Alimshukuru Munyoki na mdomo wake, Nangila na mdomo wake pia. Aliishukuru ile mashine kuukuu iliyokuwa ikinguruma ubavu wazi, ikigawa mikono ya mwanawe kwa ngazi nzima bila kuchoka. Na alimshukuru mamamkwe, maana bila sweta lile diski isingekufa, na bila diski kufa wasingejifunza kwa Abrar mwenyewe. Alimwambia hivyo kwa maneno, jikoni, na Bi Muhiba akamwambia aache kumdhihaki mtu mzima, lakini alitabasamu siku nzima.

Siku ya saba ikafika, na Rufaida ni mtu wa ahadi. Kuona mtoto anacheka ni jambo moja, na kujua anachokitaka ni jingine. Alilitoa begi la Abrar chini ya kitanda, akaliweka juu, wazi. Akamwita. Abrar akaja mbio, amevaa ndala za Nangila, jasho usoni.

"Nilikuahidi," Rufaida akasema kwa mikono. "Wiki imekwisha. Ukitaka, leo nakurudisha kwa matroni. Unataka kurudi?"

Abrar akalitazama begi. Akamtazama mama yake kwa mshangao, kama aliyeulizwa jambo la kipuuzi katikati ya kazi.

"Siwezi," akajibu. "Watu wa ghorofa ya nne bado hawana majina."

Akatoka mbio, ndala zikipiga ngazi kuelekea juu.